Kigari kinachojiendesha na mahali pake pa kusimama

Ndugu wafanya kazi, nanyi akina mama na watoto wa kambi, leo ukurasa huu wa usalama hauanzi na kofia wala viatu vya kazi. Unaanza na mchezo wa simu. Mtavumilia kidogo, kwa maana njia yetu itarudi shimoni.

Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 13, alitoka Kasongo kuja kukaa nasi upande wa Kabambare wakati wa likizo. Jioni ya kwanza aliketi barazani na simu mkononi mpaka wali na sombe vikapoa. Nilimwuliza anafanya kazi gani hiyo isiyomwacha ale. Akajibu: «Mjomba, ninatandika reli. Ninataka vigari vyangu vitoe mawe shimoni vyenyewe, mimi nisiwepo.»

Mimi niliyesukuma vigari vya mawe katika ujana wangu nilivuta kiti nikakaa karibu naye. Tangu siku ile nimejifunza mengi, na mengine ninawaletea hapa, kwa sababu kosa alilolifanya mtoto huyu katika mchezo ni lile lile ambalo watu wazima hulifanya kazini.

Mchezo wenyewe

Mchezo huu unaitwa Minecraft. Ulitengenezwa Uswidi, na toleo lake kamili lilitoka Novemba 2011. Tangu hapo nakala zaidi ya milioni 300 zimeuzwa duniani. Kila kitu ndani yake ni tofali la mraba, mita 1 kila upande: udongo ni tofali, jiwe ni tofali, maji pia. Mchezaji huchimba, hukusanya, hujenga. Simu ikiwa nao tayari, anaweza kucheza peke yake bila mtandao, ndiyo sababu unafika hata mahali ambapo mtandao unapatikana juu ya kilima tu.

Wazazi wengine watasema ni upuuzi. Mimi nilisema hivyo pia. Lakini tangu 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, limeshirikiana na watengenezaji wa mchezo huu katika mpango unaoitwa Block by Block, na mahali pamoja walipoanzia ni Kibera, Nairobi, ambako wakaaji walitumia matofali haya kupanga uwanja wao wa michezo wa Silanga. Mtu asiyejua kusoma ramani ya fundi anaweza kuonyesha kwa tofali: hapa mlango, hapa taa, hapa maji yapite. Basi tusiudharau haraka.

Vyombo vya njia

Katika mchezo, kigari hutengenezwa kwa vipande 5 vya chuma. Ukikiwekea sanduku, kinabeba mzigo. Reli ya kawaida ni chuma na kijiti: vipande 6 vya chuma na kijiti kimoja hutoa reli 16. Lakini reli ya kawaida haisukumi. Inayosukuma ni reli ya dhahabu, na hapa msicheke: vipande 6 vya dhahabu, kijiti kimoja na unga mwekundu kidogo hutoa reli 6. Yaani dhahabu ile ambayo watu wa Namoya, wa Mwendamboko na wa Kakula wameitafuta tangu siku za Wabelgiji, mtoto huyu anaitandika chini, magurudumu yapite juu yake!

Ule unga mwekundu, unaoitwa redistoni, unafanya kazi ya umeme wa mchezo. Reli ya dhahabu yenye umeme husukuma kigari. Isiyo na umeme hukikamata; inakuwa breki. Kumbukeni sana jambo hilo: umeme ukikatika, kigari kinashikwa. Aliyebuni hivyo alibuni vizuri. Mashini zetu nyingi za kuvutia mizigo kwenye mteremko zina breki za namna hiyo hiyo, zinazofungwa kwa springi na kufunguliwa kwa nguvu ya umeme au ya hewa, ili nguvu ikikosekana breki ishike yenyewe.

Chombo kingine ni faneli ya chuma. Inakaa chini ya reli na kunyonya mzigo kutoka kwenye kigari kilicho juu yake, kisha inaumwagia sandukuni. Faneli ikiwekwa juu ya kigari, hukijaza. Mwendo wake ni kipande kimoja baada ya kingine, vipande 2 na nusu kwa kila sekunde. Kipo pia kipimio, kifaa kidogo kinachosoma kama kuna kitu ndani ya faneli au sanduku na kutoa umeme kwa kadiri ya kitu kilichomo, kuanzia 0 hadi 15. Na kuna mwenge mwekundu, ambao una tabia ya kugeuza mambo: ukiupelekea umeme, unazimika, ukiunyima, unawaka na kutoa umeme.

Vyombo ni hivyo. Vingine vipo, lakini kwa kazi yetu hivi vinatosha.

Kosa la kwanza: kupanga kwa kigari kitupu

Mpwa wangu alitandika njia yake yote kutoka shimoni hadi ghalani, akaweka kigari kitupu, akakisukuma. Kikaenda vizuri hadi mwisho na kurudi. Alifurahi. Kisha akajaza mawe, na kigari kikasimama katikati ya njia, mbali na reli ya dhahabu iliyofuata.

Sababu ni rahisi. Katika toleo la kompyuta, kigari cha sanduku kikijaa hupunguza mwendo mapema kuliko kitupu, na kwenye simu pia ni vema kutoamini jaribio la kigari kitupu. Njia ya mlimani ndiyo mbaya zaidi, maana huko reli za dhahabu zinatakiwa kukaa karibu karibu. Ilibidi aanze upya, akipanga kila hatua kwa kigari kilichojaa.

Kwetu ni hivyo hivyo, ila upande wa pili. Mzigo wa kweli hauzuii kigari kwenye mteremko, unakikimbiza. Breki iliyojaribiwa asubuhi na kigari kitupu haijajaribiwa. Kapita anayesema «nimeangalia, inashika» aulizwe: ilishika ikiwa na mzigo gani?

Hapo nilimpigia mtoto hesabu nyingine iliyotuchekesha. Sanduku la kigari cha mchezo lina nafasi 27, na kila nafasi huchukua vipande 64, jumla 1,728. Kila kipande cha jiwe ni mita moja ya mraba kila upande. Jiwe gumu la ukubwa huo lina uzito wa tani 2 na nusu hivi. Basi kigari chake kilichokuwa kinapita mbele yetu kilibeba zaidi ya tani 4,000! Kigari kidogo cha kusukumwa na watu katika mgodi wa kweli hubeba kama tani moja, na hata hicho kikitoka relini hakuna mtu wa kukizuia kwa bega.

Kosa la pili: saa badala ya macho

Hili ndilo lililonifanya niandike.

Pale ghalani, kigari kilitakiwa kusimama, kushusha, kisha kurudi shimoni. Mtoto aliweka saa. Kigari kikifika, saa inahesabu dakika moja, kisha reli ya dhahabu inapata umeme na kigari kinaondoka. Mambo yalikwenda vizuri siku ya kwanza kwa sababu mzigo ulikuwa mdogo. Siku ya pili kigari kilifika kimejaa.

Pigeni hesabu pamoja nami. Faneli moja inanyonya vipande 2 na nusu kwa sekunde. Kwa dakika moja ni vipande 150. Kigari kina vipande 1,728. Kwa hiyo kilishusha 150 na kuupandisha mlima tena mzigo wa vipande 1,578. Kule shimoni kilipakiwa juu yake. Ili kushusha kigari kizima kwa faneli moja zinahitajika dakika 11 na nusu.

Akasema: «Basi nitaweka dakika 12.» Ndugu zangu, hapo nilisikia sauti ya wakubwa wengi niliofanya nao kazi. Tatizo likitokea, tunaongeza dakika. Lakini saa haioni. Saa haijui kama faneli imeziba, kama sanduku la chini limejaa, kama kigari kimefika na nusu ya mzigo na kinangoja bure. Saa inajua saa tu.

Njia iliyo bora ni kukifanya kigari kiondoke kwa sababu kazi imekwisha. Nitaieleza polepole, ili mtoto wako akikuuliza umjibu.

Mwisho wa njia weka tofali gumu, na mbele yake reli moja ya dhahabu. Chini ya reli hiyo weka faneli, na faneli imwage katika sanduku. Ubavuni mwa faneli weka kipimio. Kipimio kipeleke umeme kwenye tofali lenye mwenge mwekundu, na mwenge uishike ile reli ya dhahabu. Sasa tazama. Kigari kikifika, faneli inaanza kunyonya na kuna kitu ndani yake. Kipimio kinatoa umeme, mwenge unazimika, reli ya dhahabu inakosa umeme, kigari kinashikwa. Mzigo ukiisha, faneli inakuwa tupu, kipimio kinanyamaza, mwenge unawaka, reli inapata nguvu, na kigari kwa kuwa kimeegemea tofali kinasukumwa kurudi kilikotoka. Hakuna saa. Kigari chenye vipande 10 kitakaa sekunde 4, kilichojaa kitakaa dakika 11 na nusu, na mpango ni ule ule.

Na uzuri wake mkubwa uko hapa: sanduku la chini likijaa, faneli haiwezi kumwaga. Inabaki na kitu ndani. Mwenge unabaki umezimika. Kigari kinabaki kimeshikwa. Njia nzima inasimama yenyewe pasipo mtu kuiambia, mpaka mwenye ghala aje kuangalia.

Msidhani kwamba mpango huo huo ukigeuzwa utafaa pa kupakia. Mpwa wangu alidhani hivyo. Aliweka kipimio kwenye faneli ya juu ili kigari kiondoke faneli ikiwa tupu. Kigari kikajaa pomoni, faneli nayo ikabaki imejaa kwa kuwa haina pa kumwaga, na kigari hakikuondoka kamwe. Pa kushushia unauliza: kimebaki kitu? Pa kupakilia unauliza: kimejaa? Ni maswali mawili. Kwa sasa pa kupakilia ameacha kitufe, na mtu anabonyeza kwa mkono wake baada ya kutazama. Mimi sikumlaumu. Mahali ambapo hujui bado kuiuliza mashini swali linalofaa, mweke mtu.

Tofauti na shimo la kweli

Watu wa Kasongo wanajua mizigo. Tangu siku za Tippu Tip, aliyekaa pale miaka ya 1870, pembe na chakula vilipita juu ya vichwa vya watu. Reli ya Kindu hadi Kongolo, inayopita ng'ambo ya pili ya Lualaba, imekuwapo tangu 1911, na bado mpaka leo mchele na mafuta ya mawese huletwa mbali sana kwa baiskeli zinazosukumwa. Kwa hiyo mtu akisikia kuwa gari linaweza kujiendesha bila dereva, husema ni mambo ya mchezo tu. Hapana. Kule Kiruna, katika mgodi wa chuma wa Uswidi, treni zisizo na dereva huvuta mawe kwenye ngazi ya mita 1,365, na watu huziangalia kutoka chumba cha mbali. Mikanda ya kubebea mawe inayowaka na kuzimika yenyewe ipo katika migodi mingi ya Afrika. Mambo haya yanakuja au yameshafika.

Lakini mchezo unadanganya katika mambo matatu, nami nilimwonyesha mtoto yote.

Katika mchezo, mchezaji akienda mbali, sehemu aliyoiacha inalala. Kigari hukwama njiani mpaka arudi. Mgodi haulali kwa sababu kapita amekwenda nyumbani. Kigari kilichoachwa juu ya mteremko kinafanya kazi usiku kucha: kinavuta. Katika mgodi mmoja nilikofanya kazi ujana wangu, kigari kilizuiwa kwa jiwe chini ya gurudumu. Mvua ilinyesha, udongo ukalainika, jiwe likateleza. Kigari kilishuka peke yake na kubomoa kibanda tulimokuwa tukila mchana. Tulikuwa tumetoka humo muda si mrefu. Jiwe si kabari. Kabari ni ile iliyochongwa kwa gurudumu, mbili kwa kila kigari, na juu ya mteremko pawe na kizuizi relini kinachofunguliwa tu wakati kigari kinapita.

La pili ni mwendo. Kigari cha mchezo kinakwenda mita 8 kwa sekunde, karibu kilomita 29 kwa saa, kikigonga nguruwe kinasimama au kinamsukuma pembeni, basi. Kigari cha chuma chenye mwendo huo kinagonga kama kitu kilichoanguka kutoka juu mita 3 na robo. Na kuufikia mwendo huo si kazi. Njia ikiteremka mita 1 kwa kila mita 20, magurudumu yakiwa mazuri, kigari kilichoachiliwa kitaufikia kabla ya mita 100. Ndiyo sababu hairuhusiwi kupanda kigari cha mawe, hata kwa hatua chache, hata kama mguu unauma. Na ndiyo sababu watoto wasikaribie vigari vilivyopumzishwa siku ya Jumapili. Mtoto anayecheza mchezo huu anajua kwamba kigari ni cha kupanda, na katika mchezo ana haki. Mwambieni mapema, kabla hajafika relini.

La tatu ni kuziba. Katika mchezo faneli ikiziba, mtoto anaifungua, anatoa kitu kwa kidole, anaendelea. Mkono wake haumo humo. Kwenye mkanda au kwenye mdomo wa kumwagia mawe, mashini inayojiendesha imesimama kwa sababu inangoja jambo fulani. Ukiondoa jiwe lililoziba, umeipa jambo hilo. Itaondoka pale pale, na mkono wako umo ndani. Haikukusudia kukuumiza, imefanya ulivyoiambia.

Kwa hiyo, kabla ya kuzibua: umeme ukatwe kwenye swichi kuu, maana kitufe cha kusimamisha peke yake hakitoshi. Kila anayeingiza mkono aweke kufuli lake mwenyewe kwenye swichi, na ufunguo uwe mfukoni mwake. Wakiwa watatu, makufuli matatu. Kisha bonyezeni kitufe cha kuwasha, mhakikishe kuwa haiwaki. Kitu chochote kinachoweza kuanguka au kuteremka kwa uzito wake kifungwe, kwa maana uzito hauhitaji umeme. Kazi ikiisha, kila mtu aondoe kufuli lake yeye mwenyewe. Asitumwe mwingine. Mama wa nyumbani, mume wako akirudi na ufunguo wa kufuli mfukoni, usimcheke; mkumbushe tu aurudishe asubuhi, maana huenda wenzake wa zamu ya usiku wanangoja kuwasha mashini.

Mpwa wangu alimaliza njia yake siku mbili kabla ya kurudi Kasongo. Aliondoa saa, akaweka kipimio na mwenge kama nilivyoeleza. Jioni alikuja mbio akisema mashini imeharibika: kigari kimesimama ghalani na mzigo wake, hakitaki kuondoka. Nilimwambia afungue sanduku la chini. Lilikuwa limejaa.